Kipande cha Nailoni

Hebu nisikilize kidogo, wewe wa rika langu, uliyewahi kutumwa na mzazi ukaangalie kitu kisha urudi umwambie ulichokiona. Katazame kama maziwa yamechemka. Kaangalie kama mgeni amefika. Ni kazi ya dakika moja, lakini mkubwa anaamua mambo yake kwa neno lako. Nataka kukueleza habari za siku niliyotumwa nikaangalie ukuta. Nitakwenda polepole, kwa sababu ndani yake mna mambo ya ujenzi na huenda hujawahi kusimamisha ukuta maishani mwako. Usiwe na wasiwasi. Yote ni mepesi kuelewa. Mimi mwenyewe niliyaelewa nikiwa na miaka tisa, isipokuwa jambo moja.

Mwezi uliopita tulimzika Baba. Hitima ilipokwisha na watu kutawanyika, nilibaki nyumbani kwake Wembley kupanga vitu vyake. Katika sanduku la vifaa, chini ya patasi na pimamaji, nikakuta bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kipande cha nailoni kilichokunjwa mara nne. Nilipokikunjua kikatoa harufu. Ilikuwa hafifu, lakini niliijua papo hapo: harufu ya kuvu, kama ya nguo iliyosahauliwa kapuni ikiwa mbichi, na nyuma yake, kwa mbali sana, harufu ya udi. Nikakaa sakafuni na kipande kile mapajani, nikawa na miaka tisa tena.

Nyumba yetu ilijengwa kwenye mteremko. Ukiingia kwa mlango wa mbele unajikuta sebuleni kama katika nyumba yoyote ya mtaa ule, lakini nyuma ardhi inashuka, na chini ya jiko kulikuwa na chumba cha zege alimokuwa akiweka makorokoro mwenye nyumba aliyetutangulia. Kuta zake tatu zilikuwa zimefukiwa udongoni. Ukuta wa nne ulikuwa na dirisha na mlango wa kutokea uani, sawa na ardhi, bila ngazi hata moja. Hatukukipa jina. Tulisema "chini" tu. Peleka baiskeli chini. Ngazi iko chini.

Mlango ule usio na ngazi ndio uliompa Baba wazo. Mama yake, Bibi yetu, alikuwa ameletwa kutoka Wete, Pemba, na magoti yake hayakuwa yakipanda tena. Alifikia kwa Shangazi, dada yake Baba, kule Tottenham, ghorofa ya nne. Lifti ikiharibika, na haikupita wiki bila kuharibika, Bibi alikuwa hatoki. Alilala sebuleni kwenye kochi, akatazama mabasi yakipita chini kama mtu anayetazama sinema asiyoijua. Baba ndiye mkubwa wao na alitaka kumweka mama yake kwake. Shangazi hakutaka kumtoa. Kila Jumapili tulikwenda Tottenham, na kila Jumapili maneno yalikuwa yale yale.

"Utamweka wapi, kaka? Chini ya jiko?" Shangazi aliuliza. "Mama si kiazi."

"Nitakitengeneza. Kuta, dari, taa, kila kitu. Kazi yangu ni ipi kwani? Mwezi wa Ramadhani ukiandama, Mama atafuturu kwangu."

"Mwezi wa mwaka gani?"

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na pumu tangu ujana na alikuwa akicheka kwa tahadhari, mkono kifuani. "Miye mniweke popote penye mlango wa kutokea nje," alisema. "Nione mchanga."

Mimi nilikuwa upande wa Baba, kwa sababu zangu. Sisi watoto tuliozaliwa London tulikuwa tukielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Nikijaribu Kiswahili, binamu zangu walinicheka. Bibi hakujua Kiingereza, kwa hiyo hakuwa na la kufanya ila kunisubiri. Alinikazia macho akatulia mpaka neno litoke, na likitoka alilipokea kana kwamba hapakuwa na shida yoyote. Nilitaka mtu wa namna hiyo aishi nyumbani kwetu.

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Baba alikuwa fundi wa kuta za ndani za maofisi. Ukuta wa namna hiyo hautaki tofali. Unafunga ubao mmoja sakafuni na mmoja darini, kati yao unasimamisha nguzo za mbao, moja na mwenzake kwa umbali sawasawa, unaangalia kwa pimamaji kama zimesimama wima. Kati ya nguzo unajaza ile pamba ya njano ya kuzuia baridi, inayowasha mikono. Mwisho unafunika kwa bodi za jasi, unaziba viungo, unapiga lipu nyembamba, unapaka rangi. Baba alikuwa amesimamisha kuta za namna hiyo kwenye majengo marefu mpaka akawa anaweza kuzijenga huku akifikiria mambo mengine.

Lakini kuta za maofisini zina hewa pande zote mbili. Nyuma ya kuta za chini kwetu kulikuwa na udongo, na Baba alilijua hilo. Alinipeleka akaniwekea kiganja ukutani, pabaridi kama samaki.

"Zege unaliona gumu, unadhani jiwe," aliniambia. "Sivyo. Lina vitundu usivyoviona, na maji ya udongo yanapita humo taratibu. Nyumba ya Bibi yako Wete kuta zake udongo na chokaa. Zinalowa masika, zikauka jua likija, kwa sababu ziko wazi, zinapumua. Huu mimi nataka kuufunika. Nikiufunika na maji yamo, yatakwenda wapi?"

Sikujua yatakwenda wapi.

"Hayatakwenda popote. Yatakaa na mbao zangu."

Palikuwa na njia mbili. Ukuta ukiwa mkavu, angesimamisha mbao zake karibu kabisa na zege na kumaliza kabla ya Ramadhani. Ukiwa na maji, ingebidi kuchimba nje na kuweka bomba la kutoa maji, kuupaka ukuta lami, kusubiri, kisha kusimamisha mbao mbali na zege ili hewa ipite nyuma. Kazi hiyo ingekula miezi, na chumba kingepungua kiasi kwamba kitanda cha Bibi na kigari chake cha kutembelea visingepishana. Shangazi angekuwa ameshinda.

Kwa hiyo akapima. Alikata kipande cha nailoni nyeupe ya kuonyesha, upana kama gazeti lililofunguliwa, akakibandika chini ya ukuta wa nyuma kwa utepe wa kahawia, pande zote nne, akaupitishia dole gumba usiache upenyo.

"Siku mbili," alisema. "Kesho na keshokutwa nina kazi ya mbali, naondoka alfajiri, narudi usiku. Ijumaa ukitoka skuli, shuka utazame. Ukiona maji juu ya nailoni, upande wetu, hayo ya hewa ya chumbani, ya pumzi zetu, hayana neno. Ukiyaona ndani, kati ya nailoni na ukuta, hayo ya ukuta. Usiguse. Nambie tu ulichokiona. Umefahamu?"

Nilisema nimefahamu, na kwa kweli niliweza kuyarudia maneno yake yote.

Siku mbili zile nilishuka kila nilipotoka skuli. Nilikuwa natunga hotuba ya kumkaribisha Bibi, kwa Kiswahili, bila mtu wa kunicheka. Niligundua kwamba nikichuchumaa na kuiweka midomo karibu na nailoni, sauti yangu inanirudia nzito na nzuri, kama ya mtu mzima. Basi nikamhutubia Bibi pale pale, nailonini, mara ishirini kwa siku. Karibu Bibi. Hapa ni kwako. Huu mlango wa kwenda nje.

Ijumaa nikakuta matone. Yalikuwa mengi, madogo, yamejipanga kama shanga. Nikapitisha kidole juu ya nailoni, kidole kikatoka kikavu. Maji yalikuwa ndani.

Ukiniuliza leo, nitakwambia mtoto wa miaka tisa ana akili kamili. Anachokosa ni mizani ya kupimia lipi zito. Nilikumbuka maneno ya pumzi na maneno ya ukuta, nikayaunganisha nikapata jibu langu: nimepumua mno. Siku mbili nzima nimeisemesha nailoni mdomo kwa mdomo, na pumzi zangu zimepenya. Haya si maji ya ukuta. Ni hotuba yangu. Na Baba atayaona, ataudhania ukuta una maji, na Bibi hatakuja, kwa sababu ya domo langu.

Nikabandua utepe upande mmoja, kisha wa pili, kisha yote. Nikaifuta nailoni kwa mkono wa sweta la skuli, nikaufuta na ukuta, nikairudisha. Utepe wa kahawia ulikuwa umeshika vumbi, haukuganda tena. Mkobani nilikuwa na selotepu yenye nyota za fedha, zawadi ya mwalimu kwa kusoma vizuri. Nikaipitisha juu ya ule wa zamani, pande zote nne, na dole gumba nikalipitisha kama Baba. Kisha nikatoka bila kupumua mpaka mlangoni.

Nataka unielewe hapa. Sikuhisi hata chembe kwamba nadanganya. Nilidhani nimesahihisha kosa.

Baba aliporudi aliuliza akiwa bado hajavua viatu. "Enhe, fundi wangu?"

"Kavu," nikamjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea.

"Nje na ndani?"

"Nje na ndani."

Akaniwekea mkono kichwani. "Alhamdulillahi. Kesho tunasimamisha."

Kesho yake akaja rafiki yake, Ami Khatibu, aliyekuwa akikaa Harrow, mtu wa mzaha asiyenyamaza hata akiwa na misumari mdomoni. Baba alikuwa uani anakata mbao kwa msumeno wa umeme. Ami Khatibu ndiye aliyekuwa ndani, akisogeza fremu ya kwanza kwenye ukuta wa nyuma.

"Yakhe!" aliita. "Ukuta wako una nyota huku! Umepambwa kama bibi harusi!"

"Nini?" Baba alijibu kwa mbali, msumeno unanguruma.

"Nasema umepambwa!"

"Pamba baadaye, fremu kwanza!"

Wakacheka wote wawili, kila mmoja na lake, na Ami Khatibu akaisukuma fremu mahali pake. Mimi nilikuwa nimeshika pimamaji, natazama kitone cha hewa kikitulia katikati ya mistari miwili. Nailoni ikabaki nyuma. Mchana Mama alituletea chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, tukala tumekaa juu ya marobota ya ile pamba ya njano, tukawashwa mapaja wiki nzima.

Chumba kikaisha siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Baba alipaka kuta nyeupe na kuzungushia chini mstari wa buluu, kama nyumba ya Wete. Bibi aliingia kwa mlango wa uani, akasimama na kigari chake katikati, akakizungusha kukijaribu. Kilizunguka. Nikatoa hotuba yangu, nikakwama mara mbili, akanisubiri mara mbili. Siku ile ya kwanza ya futari Shangazi alikuja na sinia la katlesi, akakagua pembe zote, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole.

"Haya, kaka," alisema. "Nimekuvulia kofia."

"Huna kofia, una mtandio."

"Basi nimekuvulia moyoni."

Sijawahi kumwona Baba na furaha kama ile, wala kabla wala baada.

Sasa nikueleze jambo ambalo mkaguzi yeyote wa nyumba wa London asingeliwaza. Mtu anayeishi penye unyevu nyuma ya ukuta huanza kunusa. Harufu ya kuvu hutangulia kabla doa halijatokea, na ukiijua unajua pa kupasua. Lakini Bibi alikuwa mtu wa udi. Kila Alhamisi jioni, kuukaribisha usiku wa Ijumaa, aliwasha chetezo, akafukiza nguo, shuka, pazia na pembe zote nne za chumba, na siku za kawaida hakukosa punje mbili za ubani asubuhi. Wageni walishuka wakasema chumba cha Bibi kinanukia kama pepo. Kweli kilinukia. Kuanzia futari ile mpaka katikati ya majira ya baridi hakuna hata mmoja wetu aliyenusa kitu kingine mle ndani.

Kikohozi cha Bibi kilipozidi, kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Ami Khatibu alisema ni baridi ya Wembley. Baba akazidisha moto, na joto kwenye chumba kilichofungwa likalisha kile tusichokijua. Mama, ambaye mchana kutwa ndiye aliyekuwa na Bibi, alifungua dirisha robo saa apate hewa, na Shangazi akamkuta.

"Wifi, dirisha wazi na mzee anakohoa hivi?"

"Anataka hewa, wifi. Mwenyewe ameniomba."

"Kwangu alikaa miezi minne hakupigwa na upepo hata mmoja."

Mama alifunga dirisha. Tangu siku hiyo Shangazi alianza kuhesabu makosa ya Mama kama tasbihi, na Baba, kati ya mke na dada, akawa anasema tu, "Jamani, mgonjwa anasikia."

Siku moja Bibi aliniambia nimtafutie leso yake iliyodondoka nyuma ya kitanda. Nikavuta kitanda kidogo. Leso ilikuwa chini kwenye mstari wa buluu, na nilipoiokota ilikuwa mbichi. Mahali ilipokuwa, rangi ilikuwa imetutumka kama ngozi iliyoungua. Nikainusa leso: kuvu. Wiki chungu nzima hakuna mtu aliyehotubia ukuta ule. Nilisimama pale na leso mkononi, na nikafahamu, taratibu, kwamba pumzi za mtoto haziwezi kufanya hivi. Nikarudisha kitanda mahali pake.

"Umeiona?" Bibi aliuliza.

"Nimeiona, Bibi. Imechafuka. Nitaifua."

Kiswahili hicho kilitoka bila kukwama.

Siku chache baadaye tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alimsikiliza kifua kisha akamuuliza Baba mgonjwa anaishi nyumba ya namna gani, na kama mahali anapolala pana unyevu. Nilikuwa nimekaa kiti cha plastiki miguu haifiki chini. Nilimwona Baba akifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri, nikajua anakiona kile kipande cha nailoni akilini mwake.

"Hakuna," alisema. "Tulipima."

Aligeuka akanitazama kidogo, kama mtu anavyomtazama mwenzake wa kazi. Nilikuwa na maneno, kwa lugha mbili. Nikatazama viatu vyangu.

Bibi hakurudi nyumbani. Homa ya mapafu, walisema, na umri, na pumu ya siku nyingi. Sikwambii kwamba ukuta ndio uliomuua. Hakuna aliyetuambia hivyo, na mimi si daktari. Nakwambia tu kwamba kulikuwa na swali moja aliloulizwa Baba mbele yangu, na jibu lake la kweli nilikuwa nalo mimi.

Baada ya matanga Shangazi alikuja kuchukua vitu vya mama yake. Walishuka yeye na Baba, Mama akiwa nyuma yao, nami nikakaa kwenye ngazi za ndani zinazotoka jikoni. Wiki mbili hakuna aliyefukiza udi. Shangazi alifungua mlango akasimama.

"Nini hiki kinachonuka?"

Hakungoja jibu. Alivuta kitanda kwa mikono miwili, akainama, akabonyeza ukuta kwa kidole juu kidogo ya mstari wa buluu. Kidole kikazama mpaka kifundo cha pili.

Baba alikwenda kuchukua nyundo. Alipasua bodi kuanzia tundu lile kwenda juu, vipande vikimwagika kama mkate uliolowa, akatoa pamba ya njano ambayo haikuwa njano tena. Nyuma yake mbao zilikuwa nyeusi. Zege lilikuwa jeusi. Na chini, katikati ya nguzo mbili, kipande cha nailoni kilikuwa bado kimeng'ang'ania ukutani, kimejaa maji ndani kama jicho.

"Mlimtia mama yangu shimoni," Shangazi alisema. Alikuwa akimtazama Mama. "Miezi yote hii alikuwa akivuta hiki. Na wewe, wifi, ndiye uliyekuwa naye kutwa. Hukuona?"

"Mwache," Baba alisema. Alikuwa amechuchumaa mbele ya nailoni, mgongo kwetu. "Yeye hahusiki. Kazi yangu hii."

"Uliniambia ulipima."

"Nilipima."

"Ulipima wewe? Ulitazama mwenyewe, kwa macho yako?"

Toka ngazini nilikuwa naona kisogo cha Baba na mkono wake wa kulia, umeshika ncha ya nailoni. Akaibandua yote kwa mkupuo mmoja, akaikunja, akaikunja tena, akaitia mfukoni.

"Nilitazama mwenyewe," alisema. "Niliona maji. Nikasema yatakauka. Nilikuwa na haraka."

Shangazi akachukua sanduku la Bibi, mkeka wa kusalia na kile chetezo, akatoka kwa mlango wa uani. Hakuingia tena nyumba ile mpaka siku tulipomtoa Baba. Arusini Baba na Mama walimwona kwa mbali; sisi watoto tu ndio tuliokwenda kula kwake. Idi alituma sahani kwa mkono wa watoto wake, Baba akazirudisha zimejaa, na wenyewe hawakusemezana. Kuta zote tatu Baba alizivunja peke yake, akaacha zege wazi, na hakuna kitu kilichowekwa chini tena isipokuwa baiskeli.

Nami nilidhani amesahau kwamba ni mimi. Nilidhani kwa huzuni amechanganya mambo, amejisadikisha kwamba alitazama mwenyewe, na kila mwaka uliopita nilijiambia si vizuri kumkumbusha. Mtoto anaweza kuishi na fikra kama hiyo. Mtu mzima pia anaweza, akitaka. Nilipopata nyumba yangu mwenyewe na kumwambia Baba kwamba ukuta wa bafuni una baridi ya ajabu, alikuja na nailoni na utepe. Alibandika mwenyewe. Nikamwambia, "Baba, usihangaike kurudi, nitakutazamia." Akasema hapana, si taabu, na siku mbili baadaye akapanda mabasi mawili kwenye mvua, na magoti yake kama ya Bibi, kuja kuutazama ukuta ambao mimi nilikuwa nimekaa nao chumba kimoja. Nilicheka nikamwambia Mama kwamba Baba anazeeka.

Ndiyo maana mwezi uliopita, nilipoikunjua ile nailoni sakafuni, sikutazama katikati yake. Nilitazama kingo. Utepe wa kahawia, na juu ya utepe wa kahawia, pande zote nne, nyota za fedha. Nyingine zilikuwa zimechubuka. Nyingi zilikuwa bado zinang'aa.

Aliziona siku ile ile, amechuchumaa, kabla hajamjibu dada yake.

Nikapanda treni mpaka Tottenham. Shangazi bado anakaa ghorofa ya nne na lifti ilikuwa mbovu. Ana miaka themanini na kitu sasa na alinifungulia kwa shida. Nikamwekea nailoni mezani, juu ya kitambaa chake cha maua, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, hotuba, sweta, selotepu, leso, kiti cha hospitali. Hakunikatiza. Alipitisha kidole kwenye nyota, taratibu, ukingo mmoja baada ya mwingine.

"Ulikuwa mtoto," alisema mwishoni.

"Nilikuwa mtoto, Shangazi."

"Ulikuwa mtoto siku ile. Jana hukuwa mtoto. Mwaka jana hukuwa mtoto." Akanirudishia kipande. "Ndugu yangu nimemnunia maisha yake yote, na wewe upo, unakula wali kwangu, unanyamaza. Ungenambia akiwa hai, ningeteremka ngazi hizi kwa makalio nikamwombe radhi. Sasa nikamwombe nani?"

Hakunipa chai. Nilishuka ghorofa zile nne nikihesabu ngazi.

Haya, nimemaliza langu. Lakini umenisikiliza muda mrefu na sitaki uondoke mikono mitupu, maana huenda nawe una ukuta wa zege unaotaka kuufunika. Kupima ni rahisi, utaweza. Kata nailoni ya kuonyesha, upana wa gazeti lililofunguliwa. Ibandike chini ya ukuta pande zote nne, usiache upenyo. Iache siku mbili. Siku ya tatu chuchumaa mbele yake wewe mwenyewe, utazame upande wa ndani, na usimtume mtoto.